Nyumba Isiyo na Moshi

Baba mpendwa,

Natumai mvua imekuachia viazi huko Londiani. Hapa Litein, kinamasi ambako dada yako alikuwa akichunga ng'ombe kimejazwa udongo, na mtaa mpya umesimama: taa za jua, miti michanga, hewa safi. Shangazi amepewa nyumba nzuri, ila moto wa kuni umekatazwa, kwa hiyo kibuyu chake cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, hakijapakwa mkaa wa mti wa senetwet tangu ahamie. Jana, badala ya mursik, alinimiminia maziwa ya pakiti.

“Kunywa haraka, Chebet, majirani wasione aibu yangu,” akasema akicheka. Kisha machozi yakamtoka.

Anatamani kurudi kwako Londiani, lakini hawezi kumwomba kaka yake, unamjua. Baba, njoo umwambie kwamba wewe ndiye unayemhitaji huko, ili arudi bila kuomba.

Nakukumbatia,
Chebet wako