Bihogo, Baiskeli Yangu ya Umeme

Jumatatu, 2 Juni

Nimembeba Keza mgongoni tena. Amelala njiani, na mtoto akilala anaongeza uzito, sijui unatoka wapi. Tumefika Remera geti la shule ya chekechea limeshafungwa. Mlinzi kafungua bila kuniangalia. Mwalimu kasema taratibu tu, "Mama Keza, mazoezi ya mguu tunaanza nayo asubuhi. Akikosa, amekosa." Nilikuwa nahema.

Mguu wake wa kushoto umeanza kunyooka. Nauona nikimwogesha. Kile chuma anachofungwa mguuni sasa kinaingia bila yeye kulia.

Nyumba yetu iko bondeni. Basi linapita juu. Moto, pikipiki ya kukodi, inabeba abiria mmoja. Basi ni mgongo wangu, na Keza anakaribia miaka minne.

Jumatano, 4 Juni

Mabukwe kapiga simu kutoka Kabuga. Mama mkwe wangu hapigi simu kusalimia. "Mwanangu, mtoto nitakuja kumchukua mwisho wa mwezi, kazi ya umuganda ikiisha. Huku kuna maziwa, na hakuna wa kumkimbiza mlimani kila asubuhi."

Hasemi kwa ubaya. Ndiyo maana inauma. Lakini kule hakuna mtu wa mazoezi. Mguu utarudi ulivyokuwa.

Baba Keza yuko njiani na lori la Dar. Kasema mama anataka kunisaidia. Najua. Kila mtu anataka kunisaidia, na msaada wenyewe ni kunichukulia mtoto.

Sitampa mtoto. Nimeandika hapa ili nisisahau kesho nikichoka.

Jumamosi, 7 Juni

Leo kazini nimepata wazo.

Nafanya kazi kwa fundi Yusufu, mzee wa Nyamirambo. Naziba pancha, nanyoosha rimu za watu wanaobeba abiria kwa baiskeli. Kwenye banda lake kuna baiskeli ya umeme ya kusambazia vyakula, iliyokanyagwa na lori. Fremu imekunjika kabisa. Lakini ile mota ya gurudumu la nyuma ukiipa umeme inazunguka. Nimemwomba. Kasema chukua yote, na betri yake, inanijazia banda.

Na nyumbani nina baiskeli. Mama mmoja mgeni wa Kacyiru niliyekuwa namfulia nguo aliniachia aliporudi kwao. Kwao baiskeli za aina hii wanaziendesha kando ya bahari, kwenye tambarare, taratibu. Tairi nene, kiti kama mto, rangi ya kahawia, usukani umepanuka kama pembe za inyambo, wale ng'ombe wa pembe ndefu. Keza aliipa jina siku ya kwanza: Bihogo. Ndilo jina la ng'ombe wa kahawia wa bibi yake.

Bihogo hapandi mlima. Nilijaribu, nikashuka nikamsukuma. Sasa nitampa mota.

Yusufu kacheka mpaka kakohoa. "Mama Keza, hiyo ni igare ya kupunga upepo, sha. Utaipeleka wapi, ufukweni Remera?"

Acheke.

Jumanne, 10 Juni

Nimefumua gurudumu la nyuma la Bihogo. Nimetoa kitovu chake, nimeweka mota, nimefunga spoki, zile njiti za chuma, moja moja kwenye rimu ileile. Spoki za mota ni fupi, nikaanza na mpangilio mbaya, nikafumua zote. Mara ya pili imekaa. Nimezungusha, rimu haitikisiki hata kidogo. Yusufu kaleta jicho karibu kabisa, akatafuta kosa. Akalikosa, akarudi kwenye pancha yake. Kwake hiyo ni sifa.

Vidole vinaniuma. Nina furaha ya kijinga.

Ijumaa, 13 Juni

Betri nimeifunga katikati ya fremu, kwenye mfuko wa turubai nilioushona mwenyewe. Kile kisanduku kinachogawa umeme wa betri kiko chini ya kiti, mvua isikifikie. Nyuma nimefunga kiti cha plastiki cha mtoto, nimekikata miguu, nimekitia mkanda wa kumfunga kifuani. Nimeongeza kibao cha kuwekea mguu wenye chuma.

Nimeendesha uani. Bihogo kaondoka bila mimi kupiga pedali, kimya, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka. Nimemsimamisha kwa miguu. Jirani kapiga makofi.

Jumapili, 15 Juni

Nimeanguka.

Leo ilikuwa Jumapili ya barabara bila magari. Nikasema ndiyo siku ya kujaribu, hakuna lori la kunifuata. Keza nimemwacha kwa jirani. Mungu alinipa akili hiyo moja tu leo.

Kupanda, sina maneno. Watu wanakimbia na nguo zao za michezo wanahema, mimi nawapita nimekaa wima kama bibi harusi. Mzee mmoja kaniita, "Mama, hiyo umeipata wapi?" Nikamjibu, "Nimetengeneza." Nilipenda neno hilo mdomoni. Nimetengeneza.

Nikageuka kurudi. Mteremko ukaanza. Nikarudisha pedali nyuma nipunguze mwendo, kama siku zote. Pedali zikazunguka bure.

Bihogo hakuwa na breki mkononi. Breki yake yote ilikuwa ndani ya kile kitovu cha nyuma nilichotoa. Mguu wangu uliijua kila siku, kichwa hakikuiona nilipokuwa nafumua. Mimi, fundi wa magurudumu.

Nimeburuza viatu mpaka soli ikaungua. Nimepinda kwenye nyasi, nimeangukia bega. Goti limechubuka. Watu wamenizunguka. Mwingine kasema, "Wanawake na igare." Nimenyanyua Bihogo, nimemsukuma mpaka nyumbani.

Nilifikiria kupanda tu. Mlima una pande mbili.

Jumatatu, 16 Juni

Mabukwe keshajua. Jirani huyuhuyu aliyepiga makofi kampigia. "Ungemweka mjukuu wangu kwenye kile kitu?" Nikasema hapana, mama, kwanza nilikuwa najaribu. Yeye: "Andaa nguo zake. Jumapili ya mwisho nakuja."

Nimelia nikisonga ugali. Keza kaniuliza kama Bihogo anaumwa. Nikasema ndiyo, kidogo. Kaenda kampapasa usukani.

Jumatano, 18 Juni

Sijakaa bure. Uma wa gurudumu la mbele la ile baiskeli iliyokunjika ni mzima, na una vishikio vya breki. Nimepima, unaingia kwa Bihogo. Nyuma hakuna vishikio. Ni lazima kuchomelea.

Nimemwambia Yusufu. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Kasema, "Kosa hilo nililifanya mimi kabla hujazaliwa, ila mimi nilipata meno ya bandia." Kanionyesha. Miaka yote hii sikujua.

Jumanne, 24 Juni

Yusufu kachomelea vishikio vya nyuma. Betri na nyaya nilitoa zote kwanza. Mpira wa breki unashika pande zote mbili sawa, kwa sababu rimu yangu imenyooka. Hilo ni la kwangu. Rimu ingeyumba, breki ingeruka.

Na vishikio vya mkononi vya ile baiskeli vina waya wake: ukibana breki, mota inakatika. Nimeunganisha nikakosea, mota ikawa inaondoka ninapobana. Nimebadilisha waya mbili. Sasa inatii.

Nimeshuka mteremko mdogo nyuma ya banda. Nikabana. Nikasimama.

Nikarudia hadi Yusufu akasema nenda nyumbani, mama, mtoto anakungoja.

Jumamosi, 28 Juni

Umuganda, siku ya kazi za pamoja mtaani. Tumezibua mfereji pale bondeni kwetu. Wanawake wameniuliza habari za baiskeli, wengine kwa dhihaka, wawili kwa kweli. Mmoja anataka nimtengenezee ya kubebea mboga.

Jioni nimefunga nguo za Keza kwenye mfuko. Mabukwe hakataliwi mlangoni. Nimekunja kila nguo polepole.

Jumapili, 29 Juni

Mabukwe kaja baada ya misa. Kakunywa maziwa, kauliza nguo. Nikamwonyesha mfuko. Kisha nikasema, mama, naomba uone kitu kwanza. Sauti yangu ilitetemeka, sikuipenda.

Akakiangalia kile kiti, akavuta mkanda kwa nguvu zake zote. Nikamwambia anitazame nikipanda.

"Kupanda sikuja kuona," kasema. "Nionyeshe kusimama."

Kachukua viazi vya jikoni, kajaza gunia mpaka likawa na uzito wa Keza, kalifunga kwenye kiti mwenyewe. Mimi nikapanda hadi juu. Nilipogeuka nikamwona yuko katikati ya njia, chini, kasimama na kitenge chake cha kanisani, mikono kiunoni. Nikapiga kelele, mama, sogea kando. Hakusogea.

Sijawahi kuogopa hivyo. Nikashuka. Nikabana mapema, taratibu, mbele na nyuma pamoja. Bihogo kapunguza, kapunguza, kasimama. Kati yetu ungeweza kulaza ng'ombe.

Kanituma tena. Na tena. Mara ya mwisho kanipigia ukelele katikati ya mteremko, "Simama hapo hapo!" Nikasimama hapo hapo.

Kaja. Kaizunguka baiskeli yote, kapitisha mkono kwenye rimu, kwenye vyuma vilivyochomelewa, mpaka kwenye usukani. Kashika zile pembe mbili. Kaniangalia mimi sasa, si baiskeli.

"Amashyo," kasema.

Ndivyo tunavyotakiana mifugo mingi. Anakusalimia hivyo mtu anayeona una kitu chako. Hajawahi kunisalimia hivyo tangu niolewe.

"Amashongore," nikajibu. Sauti haikutetemeka.

Jumatatu, 30 Juni

Keza kapanda akiwa macho njia nzima. Alikuwa anaimba. Geti lilikuwa wazi. Mlinzi kasema karibu, mwalimu kamshusha, wakaanza mazoezi.

Mabukwe alisema atatufuata kwa miguu kabla ya basi la Kabuga. Nilimngoja nje. Kafika amelowa jasho, kakaa kwenye ngazi, kavua kiatu.

"Mlima huu ulikuwa unampandisha mgongoni?"

"Yego, mama."

Kanishika bega lile nililoangukia, polepole, kisha kaenda kituoni.

Nimerudi nyumbani kabla ya kazi. Nimefungua mfuko. Gauni dogo la njano nimelitundika kwenye msumari wake.