Ushauri wa Bi Tatu Nimeuita wa Kitabuni

Mpendwa Bi Zamzam,

Shikamoo. Nina furaha na aibu kwa pamoja, naomba unishike mkono kabla ya Jumamosi. Mimi ni msichana wa Kilimanjaro, nimepanga chumba Ilala, ni mkemia katika kiwanda cha umma cha mafuta ya kupikia, na mwaka huu kichocheo chetu, yaani ule unga wa nikeli unaoyafanya mafuta ya pamba yashike haidrojeni, yagande, yawe meupe, kilikwisha, na fedha za kigeni za kuagiza kingine hazikuwapo, basi meneja akaniambia, "Ndugu Theopista, tengeneza cha kwetu," nikahangaika miezi mitano, nikaibandika nikeli niliyoitoa kwenye unga uliokwisha kutumika juu ya udongo mweupe wa Pugu, na mafuta yakaganda vizuri kweli, lakini ule unga ukawa unaziba vitambaa vya kuchujia, mafuta hayapiti, mtambo unasimama, wenzangu wananitazama tu.

Siku moja nikamlalamikia Bi Tatu, mama wa Kizaramo ninayeishi naye nyumba moja, muuza chai ya tangawizi Kariakoo. Akacheka. "Mwanangu, umesaga mno. Mimi tangawizi nikiitwanga ikawa vumbi, kitambaa kinaziba, chai haishuki. Chekecha, vumbi tupa, chenga bakiza." Nikauchekecha udongo kabla ya kuutia nikeli, na Bi Zamzam, mafuta yalipita kama maji! Kiwanda kizima vigelegele, meneja akauliza wazo la kuchekecha nimelipata wapi, na mimi, sijui shetani gani alinipitia, nikajibu, "Nimesoma kitabuni." Sasa Jumamosi napewa cheti mbele ya wafanyakazi wote, na Bi Tatu anafurahi kuliko mimi mwenyewe, amenunua kanga mpya, anawaambia wateja wake, "Mtoto wetu ameweza!" Nikisema kweli nitaonekana mwongo, nikinyamaza nitamtazamaje?

Theopista, Ilala

Theopista binti yangu, marahaba.

Kwanza hongera! Miezi mitano ya nikeli na udongo ni jasho lako, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini kitabu gani hicho? Jalada lake rangi gani? Mama wa watu umemnyima sentensi moja tu, naye anakununulia kanga! Unaogopa kuonekana mwongo. Mwanangu, uongo umekwisha usema, kilichobaki ni kuufuta. Usingoje Jumamosi. Leo ukitoka kazini nenda kwa Bi Tatu, mweleze yote, omba radhi, wala usimchoshe kwa machozi. Kesho asubuhi mwone meneja kabla cheti hakijaandikwa. Jumamosi mpandishe mama yako huyo wa tangawizi jukwaani, umtaje kwa jina lake kamili, kwa sauti.

Jibu hili nilimpelekea Theopista siku ileile. Ameniandikia tena, na kwa ruhusa yao wote wawili nawasomea, wasikilizaji wangu:

"Bi Tatu alicheka mpaka akakaa chini. 'Kumbe mimi ni kitabu!' Meneja alinuna kidogo, kisha akaagiza cheti cha pili. Jukwaani alipoulizwa anataka zawadi gani, Bi Tatu akasema anataka kuuona huo mtambo. Tukampeleka, kiwanda kizima nyuma yetu. Akachota mafuta meupe kwa kidole, akaonja, akafumba macho.

'Haya,' akasema, 'unga wa chapati uko wapi?'"