Betri Iliyozimikia Kilimani

Mwanangu, na wewe mkwe wangu,

Maharage yameiva, pasheni tu. Nguo zianueni kabla ya mvua.

Asubuhi hii baiskeli yangu ya umeme imenizimikia katikati ya kilima. Nimeikokota hadi nyumbani, nyinyi bado mnakoroma. Nikaisoma betri: volti arobaini na nane, mwisho ampea nane. Nikazidisha kama ulivyonifundisha mwenyewe, mwanangu. Wati mia tatu themanini na nne! Mota yangu ikipanda kilima inataka mia saba na hamsini. Kwenye tambarare inakwenda vizuri, kwenye mwinuko betri inajikata.

Ni wewe uliyenibadilishia betri Jumapili, ukasema ile ya zamani imechoka. Fundi umeme mwenye miaka kumi na miwili kazini hakosei hesabu hiyo. Halafu mkwe wangu jana kaniletea chai hadi kitandani, eti "Mama, pumzika sasa." Nikasema moyoni, hapa kuna namna.

Mnataka kilima kinishinde, niamini ni uzee, niache cherehani yangu kule dukani juu ya kilima. Mimi si wa kudanganywa kwa pipi.

~~Jioni tutaongea.~~ Hakuna cha kuongea.

Nimechomoa betri ya baiskeli yako, mwanangu. Ampea ishirini, mota yangu imeipenda. Ile ya kwangu nimekufungia wewe, usichelewe kazini. Ikikuzimikia kilimani, shuka ukokote. Mimi nitakuwa juu, mlangoni kwa duka langu, nakutazama.

Mama yenu, ambaye bado hajachoka