Uso wa Mama Amba

Jumatatu, 10 Januari 1983

Leo nimesema ndiyo mara mbili, na hizo ndiyo mbili haziwezi kukaa nyumba moja.

Ya kwanza ilikuwa asubuhi, studio kwa mjomba Nzomo. Mama Kanta wa duka la vitambaa aliingia polepole, akakaa kwenye stuli ya wateja, akapumua kwanza. Duka limeuzwa. Jumamosi ya tarehe 22 mwanawe anampeleka Uingereza, na hatarudi. Miaka arobaini na nane hapa Makindu! Kikamba chake kinashinda changu. Kuna hekalu la Wahindi wenzake Mombasa, kando ya bahari, ndipo alipoolewa. Magoti yanamkataza safari. Anaomba picha.

Mjomba ana harusi mbili wiki hii. Akaninyooshea kidole: huyu Kavata amemaliza Form Four, yuko tu, na mkono wake hautetemeki. Mama Kanta akaniangalia mpaka nikainamisha kichwa.

"Si ukuta, mwanangu. Ukuta uko kwenye postikadi. Nataka uso wa Mama Amba, mungu wetu, mule ndani. Na hao watalii wasiingie kwenye picha."

Akaeleza kwamba wao hawaendi hekaluni kuomba tu. Wanaenda kumwona, naye awaone. Kule baridini atamtazama kila asubuhi kabla ya chai. Akanipa barua ya Kigujarati ya kumpa kuhani. Nikasema ndiyo.

Jioni Baba naye. Yeye ni dikoni kanisani. Akasema kwenye hekalu la Kalasinga hapa Makindu tumekula chapati tangu nikiwa mdogo, kwa sababu kule hakuna sanamu. Kwa Wahindi wale ziko. "Piga ya nje urudi. Ndani usikanyage, Kavata. Nasema mara moja." Nikasema ndiyo, Baba.

Kwa nini sikusema mbele yake kwamba picha inayotakiwa ni ya ndani?  

Ijumaa, 14 Januari

Treni imefika Mombasa asubuhi. Niko Changamwe kwa shangazi Mbula, anayeuzia watalii vinyago vya Wakamba — vifaru, twiga, wazee wenye mikuki. Nilipomwambia nataka saa ambayo hekalu halina watalii alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe unawakimbia wazungu, mimi nawakimbilia! Ukiwakuta wengi huko, wafukuze waje huku!"

Jumamosi, 15 Januari

Nimekwenda hekaluni saa nne. Mabasi mawili! Wazungu wekundu, kofia, kamera shingoni kama kengele za mbuzi. Mmoja alitaka kunipiga mimi picha, nikajificha nyuma ya mnazi. Nimekaa mpaka saa nane. Kila wakitoka hawa, wanaingia wale. Sikupiga hata moja.

Mlinzi alinihurumia. Akasema njoo kesho saa kumi na mbili na nusu, kuhani akifungua. Wazungu wakati huo bado wanakunywa chai.

Kesho ni Jumapili. Sitaenda kanisani. Hilo nalo.

Jumapili, 16 Januari

Niandike kama lilivyokuwa, maana hapa hakuna wa kunidanganya ila mimi.

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa langoni. Hakukuwa na mtu. Bahari imetulia, bendera nyekundu juu ya paa haipepei. Kuhani ni mzee mwembamba mwenye shali begani. Alisoma barua akacheka kwa sauti: Kanta wa Makindu! Bado anagombana na kila mtu? Akafungua mlango mkubwa wa mbao. Akasema, "Vua viatu, binti, ingia. Flashi mbili tu, Mama asikasirike. Una nafasi mpaka basi la kwanza lije."

Nilivua kiatu kimoja.

Kutoka kizingitini niliona taa ndogo za mafuta na moshi. Mbele kabisa palikuwa na giza, na kitu kinang'aa gizani. Hatua sita, labda saba. Kuhani alinishikilia mlango. Ndipo nikamsikia Baba kama yuko nyuma yangu. Nikasema — nangoja mwanga uongezeke. Ndani ya nyumba! Nina flashi mkononi!  Mzee alisimama tu na mlango wake.

Nikangoja. Naye akangoja.

Halafu basi likaja. Nilifurahi. Mungu anisamehe, mimi niliyewatoroka watalii siku nzima, nilifurahi kuona basi lao. Nikavaa kiatu changu. Nikapiga picha kumi na mbili za nje: ukuta, ngazi, bahari, bendera. Nikaondoka bila kumuaga yule mzee.

Jumatano, 19 Januari

Mjomba ameosha filamu. Amesema hajawahi kuona kazi safi hivi, anataka kutundika moja dirishani. Natamani zingeungua.

Nilimpelekea Mama Kanta saa kumi na moja. Alizipitia moja moja, akazisogeza karibu na macho. Akazigeuza, akatazama hata nyuma. Kisha akauliza, Mama yuko wapi?

Nikasema watalii walikuwa wengi mno. Haikuwezekana.

Na yeye — laiti angenigombeza! Alinishika mkono. Pole, mwanangu, hao watu ni kama nzige, nimekuchosha bure. Akaniongezea kitambaa cha gauni, cha maua. Nimekificha chini ya godoro. Siwezi kukiangalia.

Treni ya jioni ilipiga honi nikiwa bado barabarani. Ningegeuka wakati ule nikamwambia, kesho asubuhi ningekuwa Mombasa na filamu nyingine. Nilisimama kidogo, kisha nikaendelea kwenda nyumbani.

Alhamisi, 20 Januari

Naandika nikiwa dukani kwake, juu ya boksi. Rafu zote ni tupu.

Alituma mtu aniite. Nilikuja nimejiandaa kusema yote, nimejizoeza njia nzima. Lakini alinitangulia. Kwa kuwa picha imeshindikana, akasema, basi nimpe kwa mdomo. Barua ilifika, kuhani ni mtu mwema, lazima alikufungulia. Hata kamera isipoona, wewe uliona. Kila siku wanambadilishia Mama sari. Siku ile alikuwa na sari gani?

Nikasema, nyekundu.

Akafumba macho. Na pindo?

La dhahabu.

Machozi yakamtoka akiwa anatabasamu. Akasema sari hiyo anaijua.

Mwanawe amemwita nje kupima masanduku. Alipoinuka alinishika bega: "Usiende, Kavata. Bado taji, bado mikono, bado macho. Nataka yote, moja baada ya moja."

Namsikia anamhimiza mwanawe afanye haraka, ana mgeni.