Yaya, Mashini Imehukumu Jina Lako

Kwako yaya Kasongo, mukubwa wangu,

Jambo sana, yaya. Huko uliko, habari gani? Kile kikohozi kilikuachilia? Mi naamini hakikuvuka mulango wa Mungu, ukaingia na kifua chepesi. Sisi huku tuko. Magoti yanalia nikipanda kilima cha parokia, lakini kwaya bado naiongoza, na kinga za batu, zile baiskeli, bado nazitengeneza, minyororo na matairi, kama ulivyonifundisha.

Nakuandikia juu ya majina yako, yule aliyebeba jina lako, mutoto wangu wa kike. Alizaliwa miezi ine nyuma ya kifo chako. Tukamupa jina lako lote, Kasongo Mwamba, bila kulipunguza, na tangu siku ile namwita yaya, kama desturi yetu inavyotaka. Mi baba yake! Akiwa mudogo, nikiinua fimbo, mama yetu alikuwa ananifokea: "We, unamuchapa mukubwa wako?" Basi fimbo inaanguka yenyewe. Anatupa mabega akitembea, kama wewe. Bukari, ugali wetu, anaianza na ile ya kuungua, ya chini ya chungu.

Sasa amejifunza kuendesha kamyo kubwa za mine, kule kunachimbwa shaba, zile gurudumu moja linapita urefu wa muntu. Majaribio yote alishinda. Ilibaki mashini tu.

Yaya, wakati wako muntu alihukumiwa akiisha kukosa. Leo kuko tribunali mupya, inahukumu mbele. Mashini inakusanya habari zako, ukoo, marafiki, hasira zako, halafu inasema kama siku moja utaiba ao utamwaga damu. Ukiwa kijani, pita. Ukiwa manjano, hukaribii mine, na kila juma unaenda kujionyesha kwa ofisi yao. Nyekundu sipendi hata kuiandika. Batu bameiita Profeta. Sokoni bamama banachekana: "We mwizi wa kesho kutwa, songa nipite!" Mi nilicheka pia. Nilisema Mungu peke yake anapima mioyo.

Halafu karani wao alikuja nyumbani, kijana wa shati nyeupe, mwenye adabu, na tableti yake. Nilimupa kiti na karanga za kuchemsha. Akauliza: "Tata, jina la huyu mutoto lilitoka wapi?" Yaya, nilifurahi. Nani anauliza bitu kama ibi siku hizi? Nikamwambia: "Huyu ni yaya yangu mwenyewe. Alikufa, amerudi. Angalia hata anavyotembea." Akauliza: "Na huyo yaya yako alikuwa muntu gani?" Mi sisemi uongo. Nikasema ulikuwa muntu mwema, na kwamba ulifungwa miezi tisa juu ya gunia la mawe ya shaba ya mine ya Mutoshi. Alikuwa anaandika na kidole gumba. Kila neno.

Nyuma ya majuma mawili karatasi ikafika. Manjano. Bameandika: alikwisha kufungwa kwa wizi, amerudi, tabia haikubadilika. Ni mimi, yaya. Kinywa changu njo kilimuandika.

Tulienda kulalamika. Mama mumoja wa ofisi akatusikiliza vizuri, akasema kuko njia: mutoto achukue jina lingine, aape kwamba habari ya kurudi kwa batu ni hadisi ya bazee, Profeta atamupima upya. Mi, kwa woga, nilikubali pale pale. Tukiisha kufika nyumbani mutoto akaniuliza: "Tata, tangu mi mudogo unaniita yaya. Leo unataka niwe nani?"

Niliingia chumbani, nikashika rozari, na sala haikutoka.

Maana sisi wawili tunajua. Gunia lilikuwa langu. Ulinikataza, nikaingia peke yangu kwa eneo la kampuni, na polisi bakatukuta kwa barabara, wewe ukiwa umekuja kunitafuta na kinga. Ukasema: "Ni langu. Huyu mudogo nilimutuma tu." Halafu ukanikonyeza, kama vile tumeiba maembe. Miezi tisa. Ulirudi na kile kikohozi. Kwa padri nilitubu, akanifungulia zambi. Lakini kwa batu nilinyamaza, nikakuacha na aibu yangu kaburini. Nisamehe, yaya.

Jana, nyuma ya Misa, nilimuketisha mutoto na mama yake, nikasema yote. Mama yake alilia na kitenge kwa kinywa. Mutoto akaniangalia sana. Nikamwambia hatari iko wapi: nikienda kusema ukweli, wewe, yaya, utatoka safi, lakini yeye atakuwa damu ya mwizi wa kweli, si majina tu ya muntu aliyefungwa. Banaweza kumutoa manjano, bamutie nyekundu. Kamyo itakuwa ndoto milele. Nilimwambia achague yeye. Mi nilikwisha kuchagulia batu bengine ya kutosha.

Halafu akatupa mabega yake, akasema: "Tutaenda wote, tata. Kama banataka kuniandika, baniandike na bitu bya kweli." Kisha akaongeza: "Na uvae biatu byako bya kwaya, usinipatishe haya."

Basi siku ya kwanza ya juma lijalo, asubuhi, tunaenda. Sijui kama mashini iko na mahali pa kuandika muntu aliyebeba kosa la ndugu yake. Karani atatafuta. Nitamungojea mpaka apapate.

Pumzika na Bwana, yaya wangu. Naahidi hivi: wakiuliza gunia lilikuwa la nani, nitataja jina langu, na hakuna muntu atalitoa jina lako kwa mutoto. Tafazali unijibu upesi, mbele ya siku ile, hata kwa ndoto fupi tu.

Mimi mudogo wako,
Mwamba