Mashine Inahesabu Nusu

Jumatatu, 2 Septemba 2002

Ninajitaka radhi mimi mwenyewe. Tangu vita vilipotukimbiza mjini mwezi wa tano sikuandika hata sentensi moja. Daftari lilibaki Mboko kwa shemeji, nami nilikuwa Kazimia. Huo si udhuru. Kazimia kuna karatasi.

Leo nimefungua ofisi ya shule za kanisa. Nimefagia, nimefuta meza, nimewasha jenereta. Kompyuta imewaka kwa mara ya kwanza tangu turudi Baraka. Nimesimama mbele ya kioo chake kama ilivyo desturi yangu. Kila ikiwaka, mashine hii huhesabu kumbukumbu yake kabla ya kufanya lolote, namba zikipanda mbele ya macho. Kabla ya kukimbia ilifika 131072. Ninaijua namba hiyo kama namba ya wimbo wa Pasaka. Leo imesimama kwenye 65536. Nusu kamili.

Orodha za wanafunzi hazikufunguka. Mashine imeandika kwamba kumbukumbu haitoshi.

Nusu kamili haipotei yenyewe. Panya hawali kwa kipimo. Mtu amechukua.

Aliyekaa na mashine hii nyumbani kwake miezi yote ni Mama Riziki, mpiga chapa wetu. Sisi tulipopanda mitumbwi, yeye alibaki na watoto wake wawili. Alisema hana nguvu ya kukimbia mara ya pili. Alikuja kwetu akikimbia vita vya upande wa Makobola, mjane, na hakuna aliyemwuliza habari zaidi.

Jumanne, 3 Septemba

Nimefungua kasha kwa bisibisi. Nilimwona fundi wa Uvira akilifungua mwaka juzi, nikakariri kila alichofanya. Vipande vya kumbukumbu ni viwili, virefu kama rula ya mtoto, vimesimama kila kimoja ndani ya mfereji wake. Mafundi huviita bareti.

Nilitarajia kukuta kimoja. Nimekuta viwili.

Kwa saa nzima sikujua la kufikiri. Kisha nikaona: kimoja kina karatasi nyeupe ubavuni, cha pili hakina. Basi hiyo ndiyo hila. Mwizi mjinga huacha pengo. Mwizi mwenye akili hujaza pengo kwa kitu kibovu.

Tena, ndani ya kasha mna harufu ya moshi na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Kasha limefunguliwa jikoni, karibu na moto, na mtu asiyetaka kuonekana barazani.

Nimemwita Mama Riziki. Nimemwuliza mara moja tu, kwa upole.

«Mwalimu, mi sikugusa kitu mu ile mashini,» amesema. «Niliiweka juu ya moto pamoja na mbegu, kusudi wadudu basiingie. Nilikuambia siku ulirudi, na we ukasema ni vizuri.»

Ni kweli, nilisema ni vizuri. Mama yangu pia aliweka mahindi ya mbegu kwenye dari la jiko, juu ya moto, na mpaka siku ya kupanda hayakuwa na fukusi. Lakini jibu hilo halihusu bareti. Mtu anayejibu swali ambalo hakuulizwa ana jambo.

Kaka yake huuza redio na betri sokoni Mboko. Hilo pia nimelikumbuka.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimekwenda kwenye fonia, redio ya upepo ya misioni, kuongea na fundi aliyeko Uvira. Foleni ndefu. Kwenye fonia hakuna siri: unapiga kelele, unasema «roja» kwamba umesikia, na wote walio nyuma yako wanasikiliza ndoa yako na ugonjwa wako.

Nimepiga kelele kwamba kumbukumbu ya ofisi imeibwa nusu na kwamba bareti moja ni ya bandia. Fundi amesema nitoe ile ya pili, kisha... Sauti imekatika. Neno «kisha» limebaki hewani. Zamu yangu imekwisha.

Mama mmoja wa foleni, mwenye beseni la mihogo, amesema kwa sauti: «Mwalimu, sasa banakuibia mpaka ndani ya chuma?» Mwingine akajibu: «Heri bale banaiba mbuzi. Mbuzi inalia, utasikia.» Watu wamecheka. Sikucheka.

Nimepita kwa Mzee Asukulu, mweka hazina wa halmashauri yetu. Ameniuliza ninamshuku nani. Nimemtajia jina. Nilisema ni dhana tu. Nilisema neno «dhana» mara mbili.

Jumamosi, 7 Septemba

Askari wa kambi amekuja ofisini. Kijana, buti mpya, bunduki ameilaza juu ya meza niliyotoka kuifuta. Amesikia kuna mwizi wa vyombo vya mawasiliano. Si vyombo vya mawasiliano, nimemsahihisha. Ni kompyuta. Hakujali.

«Mzee, tupatie jina. Sisi tutamwuliza mpaka atasema.»

Mji mzima unajua wanavyouliza kule kambini. Mtu huingia kwa miguu yake, hutoka amebebwa. Kama ni mwanamke, hata akitoka, jirani zake hushusha macho.

Mama Riziki alikuwa amekaa mbele ya taipureta ya zamani, hatua chache kutoka kwetu. Vidole vilikuwa juu ya vitufe. Havikugonga.

Nimejibu: «Uchunguzi unaendelea.»

Sentensi sahihi. Haina kosa hata moja. Askari amesema atarudi Jumanne, akachukua dumu la petroli kwa ajili ya usalama wetu.

Sikusema kwamba yeye ni mwizi. Sikusema pia kwamba si yeye.

Jumapili, 8 Septemba

Mama Riziki hakuja kanisani. Nyumba imefungwa kwa kamba. Jirani anasema amepanda mtumbwi wa Kazimia alfajiri na watoto. Asukulu amenong'ona sikioni mwangu wakati wa sadaka: «Umeona? Ulisema kweli.»

Mwenye haki hakimbii. Nimeandika hivyo, kisha nimekumbuka kwamba mwezi wa tano tulikimbia sote. Ila yeye.

Sina raha. Wala sijabadilisha mawazo.

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua ya kwanza imenyesha. Mke wangu ameteremsha mahindi ya mbegu kutoka darini ili tupande. Tumekaa uani tunapukuchua. Magunzi meusi, yananata. Mikono yangu imekuwa kama ya mchoma makaa. Nimenawa kwa maji, masizi hayatoki. Nimenawa kwa sabuni, hayatoki. Mke wangu akacheka: «Baba, yale si vumbi. Ni moshi na mafuta ya ndagala. Sugua na majivu.»

Nimesimama na mikono ikitiririka maji: harufu ile ile ilikuwa ndani ya kasha la kompyuta.

Nimekwenda ofisini bila kula. Nimefungua kasha. Nimechomoa bareti ya pili, ile isiyo na karatasi, iliyo upande wa matundu ya hewa. Meno yake yanayoingia mferejini, ambayo fundi alinionyesha yaking'aa kama pete, yalikuwa kahawia. Nimepitisha kitambaa cheupe: kimetoka cheusi na kinanata. Nimeyasugua kwa raba ya kufutia penseli, pole pole, mpaka dhahabu ikaonekana. Mfereji nimeusafisha kwa unyoya wa kuku na mafuta kidogo ya taa, nikauacha ukauke. Karatasi yake nyeupe nimeikuta ndani, chini kabisa ya kasha, imebanduka kwa joto.

Mwenye kinu cha kusaga amenipa chupa ya petroli. Nimewasha. Namba zimepanda. Zimefika 65536. Hazikusimama. 131072.

Nimefunga kasha kwa bisibisi.

Hakuna aliyeiba. Moshi unaolinda mbegu umeiziba mashine. Sisi sote hapa tungeiweka pale pale. Mimi ningeiweka pale. Aliihifadhi kama mtu anavyohifadhi chakula cha mwaka ujao, nami nikamnusa kama mbwa.

Jumanne, 10 Septemba

Askari amerudi. Nimemwashia kompyuta, nimemwonyesha namba. Nimemwambia: hapakuwa na wizi, kosa ni langu, andika jina langu. Amesema: «Mzee, umetusumbua bure.» Ameondoka na mbuzi wangu. Sikubishana.

Asukulu hataki kuamini. Anasema labda mwanamke alirudisha kipande kwa siri. Nimejisikia mimi mwenyewe ndani ya maneno yake. Nimeona aibu, nikamkaripia zaidi kuliko alivyostahili.

Jumapili, 15 Septemba

Nimesimama kanisani baada ya matangazo. Nimesema jina la Mama Riziki kwa sauti ile ile niliyoitumia kwenye fonia. Nimesema hakuiba, mimi ndiye niliyemsingizia. Yule mama wa beseni la mihogo alikuwapo. Safari hii hakusema kitu, na natamani angesema.

Jumanne, 17 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Mashine inafanya kazi. Orodha zimefunguka zote. Hakuna wa kuzipiga chapa. Vidole vyangu viwili havitoshi.

Nimepita kwenye nyumba yake kuangalia paa. Nimefungua kamba, nimeingia jikoni. Mbegu zake bado ziko darini, mafungu matatu, yamefungwa vizuri kwa magamba ya migomba. Kando yake kuna nafasi ya mraba, safi kuliko mbao nyingine, ambapo kasha lilikaa. Moto umezimika. Fukusi hawatachelewa.

Nimekoka moto mdogo. Nimekaa mpaka moshi ukafika darini.

Mwenye mtumbwi wa Kazimia ameondoka na maneno yangu ampelekee Mama Riziki. Amenirudishia neno kwa neno ili nijue ameyashika. Kwamba kompyuta ni nzima. Kwamba nimesema mbele ya kanisa. Kwamba sitamwuliza lolote. Na kwamba mbegu zake zimesalimika: je, nizipande katika shamba lake, au nimpelekee huko?

Akisema nipande, atarudi kuvuna. Akisema nimpelekee, nitazibeba mwenyewe mpaka ufukoni.

Kila jioni nitakwenda kukoka moto. Akishaamua, nitaandika.