Nilikudanganya Kwamba Zuhura Anakuja

Mjomba,

Nimeianza barua hii mara tatu na mara tatu nimeichana. Arobaini imepita, majamvi tumeyakunja, wageni wamerudi makwao. Nimebaki mimi na nyumba yako hapa Morogoro mjini, na redio ambayo siwezi kuiwasha. Nina jambo nililopaswa kukuambia ukiwa hai, ukinitazama.

Mama hakusema atakuja. Nilikudanganya.

Ijumaa ile ya mwisho ya ugonjwa wako uliamka na nafuu kidogo, ukaniita. "Tatu, nenda Mkuyuni. Mwambie mama yako nataka kumwona. Usimpigie simu, nenda mwenyewe." Nikaenda. Masika ilikuwa imeiharibu barabara, nikafika miguu yote tope. Mama alikuwa jikoni anapukuchua maharage. Nikakaa naye, nikapukuchua. Akaniuliza bila kuinua kichwa, kama anavyouliza siku zote, "Mjomba wako hajambo?" Nikasema hajambo. Kutwa nzima maneno yako yalikuwa mdomoni mwangu, na sikuyatoa.

Niliogopa jibu lake. Mara ya mwisho uliponituma kwake nilikuwa bado msichana, na alinijibu, "Muulize nyumba yangu iko wapi." Nikakuletea jibu lile kama lilivyo, sikujua kulipunguza makali. Ulilala wiki nzima umetazama ukuta. Safari hii nikajiambia moyo wako hautaweza. Basi nikarudi jioni nikakuambia, "Amesema atakuja Jumanne."

Ukatabasamu. Mungu anisamehe, ulitabasamu kama mtoto.

Msibani walikuja wakubwa wengi, magari yakajaa mpaka barabara kuu. Walisimulia vizuri. Walisema jinsi ulivyopanda milima hii ukiwa kijana, Mgeta mpaka Matombo, ukiwaambia watu wakatae kuchimba matuta waliyolazimishwa na wakoloni. Walisema ulivyofungwa, na baada ya uhuru ukarudi kuuongoza mkoa uleule uliokuona ukipita na pingu. Yote kweli. Lakini hakuna aliyemtaja mdogo wako Zuhura, mama yangu, msichana wa miaka kumi na mitano aliyepita mbele ya askari na kapu la ndizi kichwani, kadi za chama zikiwa chini ya ndizi. Hakuna aliyesema nani alitembea kwa miguu mpaka mjini kukuletea chakula gerezani. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiniambia, "Tulikuwa wawili." Nilikaa kule uani na wanawake wenzangu nikisubiri mmoja wa wakubwa wale aseme hivyo. Hawakusema.

Na hakuna aliyeitaja siku ile nyingine.

Nilikuwa na miaka saba. Amri ilikuwa imetoka kwamba watu washuke milimani wakakae vijijini, kando ya barabara. Nyumba yetu ilikuwa juu kabisa, kwenye ardhi ya bibi, migomba nyuma na kijito pembeni. Ungeweza kuwatuma wengine. Ulikuja mwenyewe, ukapanda kwa miguu kwa sababu Landrova haikuweza, na nyuma yako mgambo. Mama akasimama mlangoni. "Kaka, si wewe uliyetufundisha kwamba mtu hang'olewi kwenye ardhi ya mama yake?" Ukavua kofia. Ukamjibu polepole, majirani wote wakisikia. "Nikiiacha ya kwako, Zuhura, nitaibomoa ya nani?" Kisha ukainua mkono ukazing'oa mwenyewe nyasi za kwanza za paa.

Mkono ule ulikuwa unatetemeka, Mjomba. Niliuona. Mama hakuuona, alikuwa ameshageuka anakusanya vyungu vyake.

Hakukusemesha tena. Miaka miwili baadaye alinileta kwako nisome, kwa kuwa kwa mila yetu wewe ndiye mjomba na mtoto alikuwa wako kumlea. Alinifikisha getini akageuka. Alikupa mtoto, hakukupa neno.

Nawe ukanilea. Siku zile ulikuwa hujaoa tena, hakukuwa na mwanamke nyumbani, na shule ilitaka wasichana wasuke. Jumapili jioni mkuu mzima wa mkoa alikaa kwenye ngazi, mimi katikati ya magoti yake, akinisuka kwa miwani na chanuo. Mistari ilipinda kama barabara ya Mgeta. Wenzangu walinicheka mpaka nikalia, na sikuwahi kukuambia, maana ulikuwa ukinizungusha na kusema, "Haya, umependeza."

Siwezi kukuandikia kana kwamba hukukosea. Ulikosea. Watu wengi walioshushwa walipanda tena juu, wakaanza upya na migomba iliyokwisha kuliwa na msitu. Wewe mwenyewe ulipostaafu ulikaa barazani ukasema, si mara moja, "Tuliwaambia wakoloni watusikilize, tulipokaa kwenye viti vyao tukaziba masikio." Ulilijua kosa lako. Ulichotaka ni kulisema kwa mtu mmoja tu. Na mtu huyo mimi ndiye niliyekukosesha.

Jumanne asubuhi uliniambia nikunyoe ndevu. "Zuhura asinikute kama mtu aliyetoka porini." Nikakunyoa. Ukataka kanzu nyeupe, ukataka kitanda kigeuzwe kiutazame mlango. Kila pikipiki iliyopita nje, uliinua kichwa. Kwenye saa nne ukaniuliza, "Amefika wapi?"

"Yuko njiani, Mjomba."

Nikaenda jikoni kukuletea uji. Niliporudi macho yako yalikuwa mlangoni, na wewe hukuwepo.

Nimeukumbuka uji ule kila siku. Ningekaa tu. Ningekushika mkono nikakuambia ukweli, labda ungenigombeza, labda ungesema, "Basi mpigie simu, nimsikie hata akinitukana." Sijui. Sitajua.

Mama alikuja mazishini. Alikaa pembeni na wanawake, hakulia, hakula. Siku ya hitma, tukiwa uani tunaosha masufuria, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ulikaa jikoni kwangu kutwa nzima, Tatu." Nikadhani amemaliza. Kisha akasema, "Ningekuja. Hata kwa miguu ningekuja." Akaendelea kuisugua sufuria ileile ambayo ilikuwa imeshatakata.

Tangu hapo nami ananisemesha kwa shida. Ninastahili.

Lakini jana alipanda gari peke yake kutoka Mkuyuni, na umri ule, akaingia hapa akasema nimpeleke makaburini. Nikamshika mkono. Alipofika kwako alivua ndala, akaiweka sawa khanga yake, akasimama wima kuliko nilivyomwona miaka mingi.

"Shikamoo, kaka."

Akatega sikio, kama mtu aliyepiga hodi. Akasubiri. Mjomba, alisubiri muda mrefu sana. Mimi nilikuwa nyuma yake machozi yananidondoka, na marahaba ilikuwa hapa kooni, nilitaka kumwitikia kwa niaba yako ili apumzike. Nikaufumba mdomo. Nimeshajibu mara moja kwa niaba ya mtu, na imetosha.

Ninakuahidi sitamsemea mtu tena. Wajukuu wako wakiniuliza habari zako nitawaambia kuhusu gereza, na kuhusu msichana mwenye kapu la ndizi, na kuhusu nyumba ya mlimani, na mkono uliotetemeka. Sitaacha kimoja ili kingine kionekane kizuri. Na Mama nitamleta kila atakapotaka, nitasimama mbali, mzungumze wenyewe.

Pumzika sasa, Mjomba. Huna haja ya kuinua kichwa.

Zuhura amefika. Safari hii sikudanganyi.

Mpwa wako,
Tatu